Mtoto Akilia Usiku, Nani Aamke?

Ukizungumzia makao ya watoto Arusha au Moshi, huchukui muda kabla hujawataja wajitoleaji wa Kikristo kutoka ng'ambo. Wapo wanaokaa wiki mbili, kabla ya kwenda Serengeti au baada ya kushuka Kilimanjaro. Wapo wa mwaka mzima. Wapo wachache waliokuja wakiwa wasichana na leo wana mvi, na Kiswahili chao kina lafudhi ya Machame. Wote wamesukumwa na imani moja, ile ya Waraka wa Yakobo unaopima dini ya mtu kwa jinsi anavyowajali yatima. Mitaani tunawaita mavolontia. Wengine wanawasifu mno, wengine wanawalaani mno, na ni nadra kusikia mtu akiuliza siku yao inakwendaje na mtoto anabaki na nini siku hiyo ikiisha.

Nimewaketisha hapa watu sita wajadiliane. Hawana majina kwa sababu nimewatunga mimi, kutokana na hoja zinazosikika kila siku vibarazani, kwenye vikao vya kanisa na katika ofisi za ustawi wa jamii. Sheria, miaka na matukio ya hadharani wanayoyataja ni ya kweli. Nami nitaingilia kati pale nitakapoona siwezi kunyamaza.

MJITOLEAJI: Shikamooni wazee wangu. Mimi natoka Ujerumani. Nilikuja kwa mpango wa weltwärts, ambao serikali yetu iliuanzisha mwaka 2008 kwa ajili ya vijana, na kanisa letu lina udugu wa miaka mingi na dayosisi ya huku. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo nyumbani kwetu habari za huku tulizisikia tangu shule ya Jumapili. Naomba nieleze siku yangu, kwa sababu wengi wanadhani tunakuja kupiga picha tu. Saa kumi na moja alfajiri nipo jikoni. Wa shule wanakunywa uji, wanavaa sare. Kila siku kuna soksi iliyopotelewa na mwenzake na daftari lisiloonekana. Saa kumi na mbili na nusu wameshatoka getini. Hapo tunawaogesha wadogo, wawili wawili kwenye beseni, kisha ibada fupi na wimbo. Halafu kufua: nepi za kitambaa, mashuka ya waliokojoa, blanketi ambazo msimu wa baridi hazikauki kwa siku mbili. Mchana ugali na maharage, au dagaa na mchicha. Mmoja wao yuko kwenye dawa za kufubaza virusi, lazima anywe saa ileile kila siku, nami nilikuwa nimeweka kengele kwenye simu. Jioni masomo, kunawa miguu, chakula, sala, na saa mbili taa zinazimwa. Sikuwahi kulala bila mgongo kuuma. Sikuja kutalii.

MAMA MLEZI: Mwanangu, hakuna uongo katika hayo. Ulifua ukachubuka vidole kama mimi. Sisi tuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tulikupa jembe ukalima. Lakini umesimulia siku ukaishia saa mbili usiku. Siku ya kituo haiishi hapo. Ninyi mnakwenda kulala nyumba ya wageni, nje ya uzio, na hilo silo kosa lenu, ndivyo utaratibu ulivyo. Mimi na mwenzangu tunabaki na chumba cha wadogo. Saa sita anaamka mwenye kikohozi. Saa nane anaamka yule anayeota ndoto mbaya, akilia anawaamsha watatu. Unambeba mmoja mgongoni, unambembeleza mwingine kwa mguu, wa tatu unamwimbia tu, maana mikono imekwisha. Asubuhi wageni wanafika na nguvu mpya, wanaimba, wanarusha mpira, na mtoto anawakimbilia. Mimi muda huo napiga deki. Anayepigiwa makofi na anayekesha si mtu mmoja.

Na kuna jingine linalonikaa rohoni. Mnapaswa kuwepo siku gari la mgeni linapoondoka. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyeshikamana na dada mmoja mgeni kwa wiki nne. Alilishwa naye, alilazwa mchana naye. Dada aliondoka akilia kwa kweli, wala simlaumu moyo wake. Mtoto alikaa kwenye ngazi za mbele mpaka giza. Kesho yake akakataa uji. Akaanza kuwang'ata wenzake. Mwezi uliofuata likaja kundi jingine, naye akakimbia akakumbatia mguu wa mtu wa kwanza kushuka kwenye gari. Wageni wakafurahi, wakasema watoto wa Afrika wana upendo. Niliumia. Mtoto mwenye mtu wake hamkimbilii mgeni. Anajificha nyuma ya kanga ya mama yake, anachungulia.

AFISA USTAWI: Hayo aliyoyaona Mama kwa macho, watafiti wameyapima. Mwaka 2000 Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza utafiti Bucharest, Romania, kwa watoto 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, na nusu wakaendelea na malezi yaliyokuwapo. Matokeo ya uwezo wa akili yalitoka katika jarida la Science mwaka 2007: waliopelekwa kwenye familia walikuwa mbele, na waliopelekwa mapema, kabla ya miaka miwili, ndio walionufaika zaidi. Watoto wa taasisi walikuwa wengi kwa mlezi mmoja, na walezi walibadilika kwa zamu. Mtoto mdogo anahitaji watu wachache walewale, kila siku, kwa muda mrefu. Tukimletea sura mpya kila mwezi, hata ziwe sura zenye upendo, tunamfundisha kwamba anayempenda huondoka.

MCHUNGAJI: Afisa, na wewe Mama, nimewasikiliza kwa heshima. Sasa nisikilizeni na mimi, maana nimekuwa kwenye bodi ya kituo tangu nikiwa na nywele nyeusi. Mnazungumza kana kwamba tulikwenda kuwanyang'anya watu watoto. Fikirini mtoto wa siku nne. Mama amefia wodini. Baba ni kibarua wa mashamba ya maua, anatoka alfajiri anarudi usiku. Ndugu wako mbali. Mtoto hana ziwa, na maziwa ya kopo yanamaliza ujira wa baba kabla mwezi haujafika katikati. Wakimpa maziwa ya ng'ombe au uji mwepesi, tumbo linamwendesha, na kwa mtoto wa umri huo kuhara ni kifo. Muuguzi anampigia nani? Anampigia mchungaji. Nami nampigia nani? Nawapigia hawa mnaowaita wa wiki mbili, kwa sababu makanisa yao ndiyo yanayotuma fedha ya kopo la maziwa. Na wanatuma kwa sababu mtu wao alikuja, akambeba mtoto, akarudi akasimulia.

Tena niwaulize, sisi tuko wapi? Kamati ya harusi huku kwetu inakutana miezi miwili, kadi zinagawiwa, ahadi zinafuatiliwa kwa simu mpaka usiku. Sijawahi kuitwa kwenye kamati ya kumlea yatima. Imani hii ya kuwaokoa watoto haikuanza jana. George Müller alifungua nyumba yake ya kwanza Bristol mwaka 1836, na hadi anafariki mwaka 1898 yatima wapatao 10,000 walikuwa wamelelewa katika nyumba zake, kwa sala na sadaka za watu. Mngemwambia naye afunge?

KIJANA: Baba Mchungaji, shikamoo. Umenilea, na siwezi kukujibu kwa jeuri. Lakini habari ya Bristol ina mwendelezo. Waingereza wenyewe waliunda kamati ya Curtis, ikatoa ripoti mwaka 1946, na mwaka 1948 wakapata sheria ya watoto iliyotilia mkazo kumweka mtoto kwenye familia kuliko kwenye nyumba kubwa. Hata taasisi aliyoiacha Müller ilihama yale majengo makubwa ya Ashley Down mwaka 1958, ikaenda kwenye nyumba ndogo. Waliacha kwa sababu walijifunza. Sasa kwa nini walichokiacha kwao kiwe kinatufaa sisi?

MWANDISHI: Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hoja ya Mchungaji ni nzito kuliko wengi wetu tunavyokubali. Mtoto wa siku nne asiye na ziwa si nadharia, na ni kweli kwamba usiku ule mlango uliofunguka ulikuwa wa kituo. Anayewalaumu wageni bila kujibu swali la maziwa hajasema kitu. Lakini kuna mtu tuliyemtaja kwa neno moja tu, "ndugu wako mbali", kisha tukampita. Namwomba azungumze.

BIBI: Assalaam aleikum. Mimi ndiye huyo ndugu wa mbali. Natoka Kondoa. Binti yangu alifia Arusha, na habari ilinifikia akiwa ameshazikwa. Niliambiwa mtoto yuko salama kwa watu wa kanisa, wanampa maziwa. Nilisema alhamdulillahi, na mpaka leo nawaombea dua. Sikuwa na maziwa. Nilikuwa na mbuzi watatu na shamba la uwele. Nikasema, akiota meno nitamfuata.

Nilipopata nauli nilikwenda. Nilipokewa vizuri, nikapewa chai na mkate. Mtoto akaletwa, amevaa viatu. Nikamwita kwa Kirangi, hakunielewa. Akanisalimu shikamoo bibi, kama anavyowasalimu bibi wote. Wakaniambia anaendelea vizuri, ana mfadhili, atasoma shule ya Kiingereza, na mimi nina nini cha kumpa? Sikuwa na jibu. Nikarudi. Sasa ana miaka saba. Anasali kwa jina la Yesu. Mimi sikuja hapa kugombana kwa ajili ya dini, Mchungaji. Majirani zangu Wakristo tunazikana. Nimekuja na swali moja tu. Mlipoona kwamba mimi nimepungukiwa maziwa, kwa nini mlimchukua mtoto? Kwa nini hamkunipa maziwa?

MCHUNGAJI: Bibi, nakupa pole, na sitatafuta maneno ya kujipamba. Siku ile tulitazama mtoto anakufa mikononi. Hatukutazama zaidi ya hapo.

BIBI: Siku ile nakuelewa. Nauliza siku zilizofuata, Mchungaji. Miaka saba ina siku nyingi.

AFISA USTAWI: Swali la Bibi ndilo moyo wa sheria zetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Ibara ya 20 inasema mtoto aliyekosa familia apewe malezi mbadala, na katika kuyachagua iangaliwe dini yake, utamaduni wake na lugha yake. Hata kafala, malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, imetajwa humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka masharti kwa makao ya watoto na inatambua malezi ya kambo na kuasili. Kituo ni kimbilio la muda wakati tunatafuta ndugu. Na ndugu wapo. Save the Children walisema mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika taasisi duniani wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Maziwa kwa bibi yanawezekana pia. Makao ya watoto wachanga ya Forever Angels, Mwanza, yaliyofunguliwa mwaka 2006, yana mpango uitwao Maisha Matters: mtoto anapewa maziwa akiwa nyumbani kwao, mlezi anafundishwa kumlisha na anasaidiwa kuanzisha biashara ndogo. Hao pia wanasaidiwa na watu wa ng'ambo, na hupokea wajitoleaji. Lakini fedha inapanda boda kwenda kwa bibi, mtoto hapandishwi gari kuja kituoni.

MWANDISHI: Yakobo, kwenye mstari huohuo ambao wajitoleaji wanaubeba moyoni, amewataja yatima pamoja na wajane. Kwa miaka mingi tumeusoma mstari huo nusu. Yatima tunampokea, tunampiga picha, tunamtafutia mfadhili; mjane aliyebaki naye, au bibi aliyebaki naye, hatumwoni. Mjane hana sura ya kuvutia sadaka. Anahitaji kodi ya chumba, mtaji wa genge, na mtu wa kumfuatilia kwa miezi. Kazi yake haina wimbo. Ila ukimsaidia yeye, yatima ameshapata nyumba.

KIJANA: Niseme la kwangu sasa. Sitaki mtu anitumie kama ushahidi wa upande mmoja. Kituo kilinipa shule. Kuna dada mmoja, mtu wa Uholanzi, aliyekaa miaka mingi. Ndiye aliyenifundisha kusoma kwa kunikalisha kila jioni kwenye benchi la jikoni, na mpaka leo ananipigia simu. Huyo siwezi kumwita mgeni. Wengine sikumbuki hata majina. Nakumbuka manukato yao na pipi. Nakumbuka nilivyojifunza kwamba ukicheka haraka unabebwa, ukinuna unapitwa. Kila mtoto alikuwa na mfadhili wake, na kila mwaka tuliandika barua ya kumshukuru. Mtoto akirudi kwao, fedha ile inakoma, na kituo kinabaki na mishahara ileile na bili ya umeme ileile. Sisemi kuna mtu alinificha kwa ajili ya fedha. Nasema hakuna mtu aliyelipwa kumtafuta mjomba wangu.

Na uzito wake haukuja utotoni. Umekuja sasa. Nilipokwenda kujaza fomu ya kitambulisho cha taifa, waliniuliza majina ya wazazi na walikozaliwa. Niliandika nilichoambiwa kituoni, na kalamu ilikuwa nzito. Mwaka jana nilitaka kuchumbia. Binti akasema, walete wazee wako na barua. Wazee gani? Nyumbani kwao walikaa mashangazi na wajomba zaidi ya kumi kunisubiri. Mimi nilikwenda na mwalimu wangu wa chuo cha ufundi, VETA, na huyu Mama Mlezi, aliyeomba ruhusa kazini akanisimamia kama mzazi. Alijibu maswali ya ukoo ambayo si wake. Nilimshukuru, na nililia njia nzima ya kurudi. Shule niliyopewa ni kubwa. Lakini mtu haozwi na cheti.

MAMA MLEZI: Nilikwenda kwa sababu wewe ni mwanangu. Usiku niliokesha na wewe haukuwa wa mshahara.

MJITOLEAJI: Nimesikia. Inaniuma, na nadhani inapaswa kuniuma. Lakini nauliza kwa unyofu: je, mnataka tusije? Maana nyumbani kuna vijana wanaojaza fomu hivi sasa. Wana moyo. Mkiwaambia moyo wao una madhara, watakaa kwao watazame televisheni, na hilo silo jema kwa yeyote.

AFISA USTAWI: Jambo la kwanza ni usalama, na hapa sina mjadala. Huko kwenu hakuna anayeingia kulea watoto bila rekodi yake ya polisi kuchunguzwa. Huku wapo wanaopokelewa getini kwa barua ya kanisa tu, wengine kwa viza ya matembezi, ilhali mjitoleaji anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha Daraja C. Majirani zetu wameumia. Boito, kaunti ya Bomet nchini Kenya, Mmarekani mmoja alifungua makao ya watoto kwa jina la utume. Alikuja kukiri kwenye mahakama ya kwao, Pennsylvania, mwaka 2020, kwamba aliwadhulumu kingono mabinti aliokuwa akiwalea, na mwaka 2021 akafungwa miaka 15 na miezi 8. Wajitoleaji wengi ni watu wema, hilo nalijua. Lakini mtu mbaya hujificha palepale ambapo wema hauulizwi maswali. Kenya ilikuwa imesitisha usajili wa makao mapya tangu 2017, ikatunga Sheria ya Watoto mpya mwaka 2022, na mkakati wake wa miaka kumi hadi 2032 unalenga kuwatoa watoto kwenye taasisi na kuwapeleka kwenye familia.

MCHUNGAJI: Na hapohapo Kenya, korona ilipoingia Machi 2020, amri ilitoka watoto warudishwe makwao haraka. Wengi walirudishwa bila mtu kukagua wanarudi kwa nani, kuna chakula gani, au ni kwa nini waliondoka mwanzo. Wapo waliotoka kwa baba wa kambo mkatili wakarudi kwa huyohuyo. Msije mkafanya familia kuwa neno takatifu. Kuna nyumba ambazo mtoto hapaswi kulala hata usiku mmoja.

AFISA USTAWI: Nakubaliana nawe, Mchungaji. Ndiyo maana kazi ya kumrudisha mtoto ni ya miezi, si ya amri. Tazama Rwanda. Mwaka 2012 walihesabu makao 33 yenye watoto 3,323, wakaanza kuwahamishia kwenye familia polepole, kila mtoto na mpango wake. Wana wajitoleaji wao, Inshuti z'Umuryango, wawili kila kijiji, mwanamume na mwanamke. Hao hawatoki ng'ambo. Ni majirani. Mtoto akipigwa usiku wanasikia, na kesho asubuhi wanabisha hodi. Ndio wajitoleaji ninaowataka huku kwetu.

MAMA MLEZI: Mwanangu mgeni, nikujibu na mimi, maana uliniuliza kwa moyo. Njooni. Ila msinipokonye mtoto. Ukuta wa bwalo letu umepakwa rangi na kila kikundi kilichopita, na mshahara wangu umechelewa huku ukuta unang'aa. Mkitaka kumpenda mtoto, nilipeni mimi kwa wakati, muwaajiri wenzangu wawili, ili kila mlezi awe na watoto wachache, walewale, miaka yote. Tulikuwa na dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hakumbeba mtoto hata mmoja kwa ajili ya kumbeba. Alitukalisha sisi walezi, na akina mama wa mtaani wenye watoto wa mtindio wa ubongo, akatufundisha namna ya kumkalisha mtoto, namna ya kumlisha asipaliwe, namna ya kunyoosha miguu bila kumuumiza. Alipoondoka, mikono yetu ilibaki inajua. Yule aliondoka na hakuna mtoto aliyekaa kwenye ngazi kumsubiri.

MJITOLEAJI: Hata kumwogesha mtoto?

MAMA MLEZI: Ukikaa mwaka, ukijua jina lake la nyumbani, ukiniuliza kwanza, mwogeshe. Ukikaa wiki mbili, chemsha maji, uniletee, nimwogeshe mimi.

BIBI: Na mimi? Mtoto wangu ana miaka saba. Sitaki aondolewe shule, wala sitaki mumchane katikati. Nataka ajue ana kwao. Aje Kondoa likizo. Ajue kaburi la babu yake liko wapi. Ajifunze kusema na mimi.

MCHUNGAJI: Bibi, nauli ya likizo hiyo nitaibeba mimi na bodi, na huyu Kijana atamsindikiza, kama atakubali. Kisha tutakaa na Afisa tuone kama ada ya shule inaweza kulipwa akiwa kwako. Sikuahidi kwa niaba ya mfadhili. Nitamwandikia nimwambie ukweli, na nitamwomba fedha imfuate mtoto.

KIJANA: Nitamsindikiza.

MWANDISHI: Sitajifanya sina upande. Makao ya watoto yanahitajika kwa mtoto wa siku nne, kwa aliyeokotwa, kwa aliyekimbia kipigo, na yanapaswa kuwa madogo na ya muda. Wajitoleaji wanaokaa miaka, wenye fani na unyenyekevu wa kuongozwa na walezi wenyeji, ni baraka na nawashukuru. Lakini desturi ya kupokea makundi ya wiki mbili na kuwaingiza chumba cha wadogo ikome, hata kama kikundi kimekuja na sadaka nono. Lawama kubwa hapa si ya vijana wa ng'ambo. Ni yetu wenye milango, tunaojua mtoto analia gari likiondoka, na tunafungua tena mwezi ujao kwa sababu bili ya umeme imefika.

Ndugu mchungaji, mzee wa kanisa, mjumbe wa bodi: kabla hujajibu barua ya kikundi kinachotaka kuja Julai, fungua majalada ya watoto ulionao na uangalie ni wangapi wana bibi, shangazi au mjomba ambaye hajatafutwa. Waombe wageni hao watume nauli ya kumtafuta. Na wewe msomaji uliye na mtoto wa marehemu ndugu yako kituoni, nenda kamwone mwezi huu, usingoje hadi uwe na uwezo. Ukitaka kumchukua, au ukiwa tayari kumpokea mtoto wa mwingine kwa malezi ya kambo, anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Ofisi yake ipo, na kazi hiyo ni ya kwake kisheria.